Vazi la Mama wa Bibi-Arusi



Siku ya ndoa, mlango wa kanisa unapofunguliwa, macho ya watu humtafuta kwanza bibi-arusi. Mara baada yake humtafuta mama yake. Wanataka kuona amevaa nini, amefunga kilemba namna gani, anatembeaje, na kama machozi yake ni ya furaha au ya mawazo. Kwa hiyo si ajabu kwamba wasichana wa vikundi vyenu wametuuliza mara nyingi: mama avae nini siku hiyo ili apendeze?

Sisi tuliokwisha kuozesha mabinti twajibu kwa moyo mweupe, kwa maana swali hili si la upuzi. Kupendeza siku ya arusi ya mtoto wako ni haki ya mama. Amemlea miaka yote, amemsomesha, amekesha naye katika malaria na katika mitihani ya shule. Siku hiyo na avae vizuri, na asimame mbele ya watu bila haya. Asiwepo mtu wa kumwambia kwamba unyenyekevu ni kuja arusini na nguo iliyochakaa.

Lakini twawaandikia ninyi vijana, wala si mama zenu, kwa sababu moja. Ninyi ndio mnaopanga arusi. Ninyi mnachagua tarehe, rangi, ukumbi na sare. Mara nyingi uamuzi wenu ndio unaomvika mama, na mara nyingine ndio unaomvua.

1. Vazi lenye kusema

Kwetu Lubumbashi, kama katika miji mingine ya Kongo, ndoa hufungwa mara tatu: mbele ya jamaa kwa mahari, mbele ya afisa wa serikali katika komine, na mbele ya altare. Mama wa bibi-arusi ana nafasi mara zote tatu, lakini nafasi yake ya kale zaidi ni ile ya mahari. Katika orodha wanayopewa wakwe, pamoja na fedha, mbuzi, chumvi na vingine kwa desturi ya kila kabila, huandikwa pia vitu vya mama: kitenge kizuri, ambacho wengi wetu twakiita kikwembe, pamoja na kitambaa cha kichwa na viatu, pengine na sufuria kubwa. Baba naye huandikiwa suti.

Wako wanaosema kwamba vitu hivyo ni bei ya binti. Sisi twakielewa kikwembe cha mama kwa namna nyingine. Mama alimbeba mtoto mgongoni kwa kikwembe. Kikwembe kile kilishika mkojo, matapishi na jasho, kikafuliwa mpaka kikapoteza rangi. Leo jamaa ya kijana inamletea kikwembe kipya, kana kwamba inasema: tumeona mgongo uliombeba huyu tunayemchukua. Hakuna duka liwezalo kuuza vazi lenye maneno kama hayo.

Basi shauri letu la kwanza ni hili: mama aliyepewa kikwembe cha mahari, akishone na akivae siku ya kanisa. Anapoingia nacho, wakwe wanaona zawadi yao imeheshimiwa, na jamaa mbili zinakutana katika nguo moja. Siku hizi twaona wengine wakikifungia sandukuni na kununua kingine kwa deni, eti kwa sababu watu walikwisha kukiona siku ya mahari. Na hata wakikiona mara mbili, kuna ubaya gani? Nguo ya heshima haiharibiki kwa kuonekana.

Yafaa pia kujua kidogo habari ya nguo hii. Kitenge cha wax kina asili ya batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine katika karne ya 19. Kiwanda cha Helmond, kinachojulikana leo kwa jina la Vlisco, kilianza mwaka 1846. Afrika ikaipokea nguo hiyo na kuifanya yake. Kongo yenyewe ilikuwa na viwanda vya nguo, kama Filtisaf ya Kalemie na Sotexki ya Kisangani. Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya uhalisi, wanaume waliambiwa wavae abacost na wanawake wavae kitenge. Siasa ile ilipita, kitenge kikabaki. Wanawake wanaouza sokoni ndio waliozipa nguo hizo majina, na jina moja maarufu ni la Kifaransa, Mon mari est capable, yaani mume wangu ana uwezo. Mwaona jinsi nguo inavyosema. Kwa hiyo mama anayechagua vazi anachagua pia neno.

2. Mshono, viatu na kilemba

Sasa tuseme mambo ya mikono, maana nia njema peke yake haishoni nguo.

Yadi 6 za kitenge, ambazo ni karibu mita tano na nusu, zatosha vipande vitatu vya desturi: blauzi, kitambaa cha kwanza cha chini, na kitambaa cha pili cha kufunga juu yake au kutandaza begani. Vazi hili la vipande vitatu halijawahi kumtupa mama yeyote. Linampa ukubwa wake bila kumbana. Kabla ya kulikubali mbele ya fundi, mama na afanye mambo manne: ainue mikono yote miwili, kwa sababu atakumbatia watu wengi, apige magoti, kwa sababu atasali, aketi, kwa sababu ibada na hotuba ni ndefu, na acheze hatua chache, kwa sababu watamwita uwanjani. Nguo inayokataa mojawapo ya mambo hayo si nguo ya mama wa bibi-arusi, hata kama ni nzuri kwenye picha.

Kitambaa kifike kwa fundi angalau mwezi mzima kabla ya siku. Kwetu arusi nyingi huwekwa wakati wa kiangazi, na mnamo mwezi wa saba na wa nane mafundi wote wamelemewa. Mama aliyepeleka kitambaa wiki ya mwisho hulala Ijumaa usiku akisubiri nguo, na Jumamosi huingia kanisani na macho mekundu. Tena wakumbuke majira. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku Lubumbashi ni za baridi, na kitambaa cha tatu begani kina kazi yake. Mwezi wa kumi ni joto kali, na nguo nzito yenye bitana ni adhabu.

Viatu vipya vivaliwe nyumbani siku kadhaa kabla ya arusi. Mama husimama saa nyingi akipokea wageni, na maumivu ya miguu hupanda mpaka usoni. Nywele zisukwe siku tatu au nne mbele, ili kichwa kipumzike. Kilemba kifungwe kiasi kwamba aliye kwenye benchi la nyuma bado aweze kumwona padri. Na rangi nyeupe aachiwe binti, maana siku ni yake. Mwisho, mama ale kitu asubuhi na anywe maji. Tumeshuhudia mama aliyepambwa vizuri sana akianguka kwa kizunguzungu kabla ya baraka, kwa sababu tangu jana yake alikuwa amewalisha wageni wote isipokuwa yeye mwenyewe.

3. Uso wa mama

Kuna jambo ambalo wengi huona haya kulisema, nasi tutalisema. Miezi michache kabla ya arusi, wapo mama wanaoanza kujipaka mafuta ya kuchubua ngozi. Wanaambiwa kwamba picha zitatoka vizuri zaidi, na kwamba mama mweupe ni mama wa mjini. Wakati mwingine, tunasikitika kusema, ni mabinti wenyewe wanaomletea mama chupa hiyo kama zawadi.

Jueni kilichomo. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo. Mengine yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu bila daktari hufanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika upesi na kidonda kikachelewa kupona. Mengine yana haidrokwinoni, ambayo kwa kutumiwa sana yaweza kuleta madoa meusi kuliko rangi ile iliyochukiwa. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, ulipanga kwamba ifikapo mwaka 2020 kusiwe tena na utengenezaji wala biashara ya vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu 1 katika milioni. Hata hivyo, chupa zingali sokoni, na mara nyingi karatasi yake haisemi ukweli wote.

Nanyi mmeona matokeo kwa macho yenu: uso wa rangi moja, vifundo vya vidole vya rangi nyingine. Mikono hukataa kusema uongo.

Lakini hata kama mafuta hayo yasingekuwa na sumu, lingebaki swali lingine. Siku ya ndoa ya binti, kuna wazee waliotoka mbali, kutoka Kasenga, kutoka Kamina, kutoka Kolwezi, ambao hawakumwona mama huyu kwa miaka mingi. Wanakuja kumtafuta yule wanayemjua. Binti naye, atakapofungua albamu baada ya miaka 30, pengine mama akiwa amekwisha kuzikwa, atataka kuuona uso uliomlea. Msimnyime uso huo kwa ajili ya picha. Sabuni ya kawaida, mafuta ya kulainisha ngozi, usingizi wa kutosha na podari inayolingana na rangi yake: hivyo vyatosha kabisa.

4. Sare na aliyebaki nyumbani

Sare ni jambo zuri. Mama, mama wadogo na shangazi wakiingia ukumbini kwa kitambaa kimoja, wakipiga vigelegele, watu wote wanaona kwamba binti huyu hakutoka mtini, ana watu. Hatuipingi sare. Twataka tu muione gharama yake.

Wanawake 20 wa jamaa, kila mmoja yadi 6, ni yadi 120 za kitambaa, bila kuhesabu fundi 20, vilemba 20 na viatu. Katika wanawake hao 20, wapo ambao mume ana kazi kwenye kampuni ya madini, na wapo wanaouza makala au unga wa bukari kwa kopo. Kitambaa ni kimoja, mfuko si mmoja.

Twawaeleza yaliyotokea katika arusi moja tuliyohudhuria. Binti yule alikuwa amelelewa na mama yake mdogo kwa miaka sita, wakati mama mzazi alipokuwa mgonjwa. Mama mdogo ndiye aliyempeleka katekisimu, ndiye aliyemwuzia maandazi apate karo. Kamati ya vijana ilichagua lesi ya bei kubwa kuwa sare ya mama wote. Mama mdogo alitazama fedha yake. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, lakini fedha ile ndiyo iliyokuwa mtaji wa unga. Alipiga hesabu, akaona kwamba akinunua lesi, watoto wake wangekaa njaa. Hakumwambia mtu. Siku ya arusi alituma salamu kwamba ana homa.

Wakati wa kupiga picha ya jamaa, bibi-arusi alitazama kulia na kushoto akauliza, "Mama mdogo yuko wapi?" Hakuna aliyejibu. Sare ilipendeza sana kwenye picha ile. Kila mtu alikuwa amevaa sawa, na aliyestahili zaidi kuwapo hakuwapo. Jioni, bibi-arusi mwenyewe aliondoka ukumbini kwa saa nzima, na shela lake, akaenda kwake mtaani Katuba, akamkuta akichambua mchele. Walilia wote wawili. Tulipopata habari hiyo, tulijiambia kwamba siku hiyo ndoa ilibarikiwa mara mbili; lakini tulijiambia pia kwamba machozi yale yangeweza kuepukwa kwa swali moja dogo, miezi mitatu mbele.

Swali hilo binti mwingine wa parokia yetu alijua kuliuliza. Kabla ya kuchagua chochote, alimwomba mama yake afungue sanduku lake. Wakakuta ndani kikwembe cha buluu ambacho mama alikuwa amekihifadhi tangu mahari yake mwenyewe. Binti akasema: "Mama, hiki ndicho utakachovaa." Kisha akawaambia jamaa kwamba kila mwanamke avae kikwembe chochote chenye buluu ndani yake, na sare iwe kilemba peke yake. Yadi moja ikikatwa vizuri yatoa kilemba. Wanawake 20, yadi 20. Fedha iliyobaki ililipa basi la wazee kutoka kijijini. Tuliwaona wakishuka basini wamevaa buluu za kila namna, buluu ya bahari, buluu ya mbingu, buluu iliyofifia kwa kufuliwa, na kilemba kimoja juu ya vichwa vyote. Hakuna aliyebaki nyumbani.

5. Mama aliyekuwako Kana

Katika Injili ya Yohane, sura ya pili, tunasoma habari za arusi ya Kana ya Galilaya. Bikira Maria alikuwako. Mwinjili hasemi neno hata moja juu ya vazi lake. Anachosema ni kwamba yeye ndiye aliyeona kwamba divai imepungua, akalisema jambo hilo kwa Mwanaye bila kuwaaibisha wenye arusi. Hatuamini kwamba alikwenda pale amevaa ovyo. Mwanamke wa Israeli alijua kuiheshimu karamu. Lakini vazi lake halikumzuia kuona. Mama ambaye nguo inambana, deni linamsumbua na kiatu kinamuuma, anajiona yeye tu siku nzima. Mama aliyetulia ndani ya vazi lake anaona mgeni ambaye hajapata kiti, anaona binti yake ameanza kutetemeka, anaona kwamba sahani za upande wa wakwe zimepungua. Huko ndiko kupendeza kwa mama.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 212, aliwakumbusha wachumba kwamba maandalizi ya mavazi na karamu yaweza kumaliza fedha pamoja na nguvu na furaha yao. Akawahimiza wawe na ujasiri wa kuwa tofauti. Akagusa pia jambo tunalolijua vema huku kwetu: wapo wanaoishi pamoja bila ndoa kwa sababu ya kuogopa gharama ya sherehe. Tunawafahamu. Wanasema, "Tutafunga ndoa tukipata fedha," na miaka inapita, watoto wanabatizwa mmoja baada ya mwingine, na baba na mama hawakomunyi. Lesi ya mama wa bibi-arusi haifungi njia ya altare peke yake, lakini ni mojawapo ya mawe yaliyopangwa njiani.

6. Ninyi mfanye nini?

Mnapoandika bajeti ya arusi, vazi la mama wote wawili liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya keki na kabla ya muziki. Mara nyingi huachwa mwisho, na mwisho hakuna kitu; ndipo mama hukopa kwa siri. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Nguo ya deni nayo ni vivyo hivyo: inafunika mwili Jumamosi, Jumatatu inakuacha wazi mbele ya mdai.

Ninyi wavulana, msidhani maneno haya ni ya wasichana tu. Orodha ya mahari ipo mikononi mwenu pia. Kikwembe mnachompelekea mama mkwe msikinunue kwa kusukumwa, cha bei ya chini kabisa ili tu jina lifutwe kwenye orodha. Wala msijitie katika deni ili kusifiwa. Ulizeni anapenda rangi gani. Mama mkwe aliyeulizwa hupendeza kabla hajavaa.

Nanyi wasichana, ketini na mama, nyinyi wawili tu, kabla kamati haijakutana. Mwulizeni ana nini, anapenda nini, na ni nani katika jamaa ambaye hataweza kununua sare. Yeye anamjua. Mama humjua siku zote.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika arusi ya mwisho mliyohudhuria, nani alistahili kuwapo naye hakuwapo? Je, gharama ya vazi ilikuwa sababu?

2. Mama yako ana kikwembe gani anachokihifadhi? Je, umewahi kumwuliza habari zake?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili mama asiye na uwezo aingie kanisani siku ya ndoa ya mtoto wake bila deni na bila haya?